Mwalimu wa Redioni na Mimi

Nilipokabidhi funguo za kabati la vifaa vya hesabu, walimu vijana wa ofisini walinisindikiza hadi getini wakasema, "Mama, andika. Utasahau." Sijasahau kitu, isipokuwa majina ya wakaguzi, na hayo niliyasahau kwa makusudi. Nimeandika hata hivyo, maana mchana wa mstaafu ni mrefu. Madaraja na mishahara hamtayakuta humu. Hayo mnayajua, na mkiyasahau mtakumbushana wenyewe kila mwisho wa mwezi.

Nilianzia kazi porini, upande wa Sikonge, katika shule ya vyumba vitatu vilivyozungukwa na miombo. Mimi mtoto wa mjini, nimezaliwa Kanyenye, Tabora mjini, nimekulia madrasa na dukani kwa babu, sijawahi kulala mahali pasipo na mwadhini. Siku ya kwanza nilikuta ubao wetu ni ukuta uliopakwa mkaa wa betri kuukuu. Ukiandika kwa nguvu, chaki inachimba ukuta, nao ukuta unakuangukia miguuni. Mwalimu mkuu, Mzee Ndalahwa, aliingia akakaa dawati la nyuma na watoto, akanitazama nikifundisha hesabu za sehemu. Tulipotoka akaniambia, "Binti, umewapa mgongo kipindi kizima. Ukiwapa mgongo, wameshakwenda."

Akanifundisha kuandika kwa upande, mkono ubaoni na uso kwa watoto. Ilinichukua muhula mzima, na shingo iliuma kama nimebeba kuni. Yeye ndiye aliyenichongea bikari ya ubaoni kwa mti wa mninga, ile mliyoizoea, yenye mguu mmoja mfupi kidogo. Na ndiye aliyeniambia kwamba mtoto anapoelewa, kuna kitu kinapita usoni pake, upesi sana. "Ukikiona mara moja utakitaka tena," alisema. "Hapo ndipo utakuwa mwalimu, na hapo ndipo utakuwa huna raha." Alikuwa mtu wa kusema kweli zote mbili kwa pamoja.

Nilihamishiwa mjini, nikabaki hapo hapo Kanyenye hadi mwisho. Nilifundisha hesabu darasa la saba mpaka nikaanza kufundisha watoto wa niliowafundisha. Sokoni waliniita Mama Hesabu. Muuza dagaa akipunja kipimo mbele yangu, wateja wengine walimcheka: "Unamfanyia hivyo Mama Hesabu?" Nililipenda jina hilo kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Lazima niwaambie jambo moja ili yanayofuata yaeleweke. Mimi nina wivu. Sina wivu wa mume. Mume wangu Hamisi ni fundi cherehani, akikaa kwenye mashine yake hata nyumba ikiungua atamaliza pindo kwanza. Wivu wangu ni wa wanafunzi. Mtoto niliyemfundisha akisema fulani ndiye mwalimu bora, chakula hakishuki. Nimeishi hivyo na nimestaafu hivyo.

Mwalimu Kabula alikuja kwetu kutoka Nzega, msichana mwembamba wa kanisa la Kimoraviani, macho chini, viatu vimefutwa vizuri. Mimi ndiye niliyemwonyesha chaki zinapokaa. Alifundisha madarasa ya chini, akaniomba nije nimwangalie anavyofundisha. Nikaenda, nikakaa nyuma kama alivyofanya Mzee Ndalahwa. Nikamwambia anajitahidi, ila sauti yake ni ndogo mno, haitafika dawati la mwisho. Akasema, "Asante mwalimu, nitaifanyia kazi." Wengine wakisema hivyo hawamaanishi. Huyu alimaanisha.

Kisha ikaja corona. Tangazo la kufunga shule tulilisikia jioni, na asubuhi watoto wakaja vile vile, kwa kuwa wengi nyumbani kwao hakuna anayesikiliza taarifa ya habari. Tukawakusanya uwanjani, tukawaambia warudi nyumbani, tutawaita. Wadogo walishangilia. Darasa la saba hawakushangilia. Walikuwa na mtihani wa mwisho mwaka ule, na walinitazama mimi, kana kwamba nimewaficha jibu.

Jirani yetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa na mtoto shule ya kulipia. Wiki haikuisha, mtoto yule akawa anakaa barazani na simu janja ya mama yake, mwalimu wake anamtumia mazoezi na sauti, naye anajibu kwa picha. Wanafunzi wangu walikuwa wanapita pale na sinia za karanga, wanasimama, wanachungulia. Siku moja alisimama mmoja akatatua swali la mtoto yule kwa sauti, kisha akajitwika sinia yake akaenda. Niliona wivu kwa niaba yake. Wazazi wa shule yetu wana simu za kitochi, na mwenye simu janja hana bando. Mwalimu mkuu wetu wa Kanyenye alituuliza tuwatumie kazi kwa njia gani, na njia haikuwepo.

Ndipo redio moja ya hapa mjini ikatuomba mwalimu wa kufundisha hesabu hewani. Mwalimu mkuu hakufikiri mara mbili, akanitaja mimi. Nilivaa gauni la Idi. Hamisi akaweka redio kwenye meza ya kukatia vitambaa, akawaita majirani wakae mbalimbali kama tulivyokuwa tumeagizwa.

Sasa sikilizeni, kwa kuwa ipo siku na ninyi mtapelekwa huko. Niliingia kile chumba chenye kuta za sponji nimeshika chaki. Sijui niliichukua saa ngapi. Nikaanza: "Watoto, tazameni hapa." Nikachora pembetatu hewani. "Mnaiona pembe hii?" Nilisema "mnaiona" kipindi kizima. Nilikuwa natafuta uso, na mbele yangu palikuwa na kioo, na nyuma ya kioo kijana wa mitambo anakula mhogo. Nilipotoka, meneja wa pale, mtu mpole, aliniambia, "Mwalimu, umefundisha vizuri. Ila sisi huku hatukuona kitu." Nilirudi mara ya pili na ya tatu, nikaharibu vile vile. Mara ya nne walimwomba mwalimu mkuu mtu mwingine, naye akampeleka Kabula.

Siku ile nilikuwa jikoni. Nikasikia kutoka kwenye kibanda cha Hamisi: "Mama uliye jikoni, baba uliyeshika jembe, na wewe mtoto uliyekaa kizingitini, sogeeni. Leteni chapati moja. Kama hakuna chapati, leteni ugali wa jana. Leo tunaukata." Ilikuwa sauti ile ile ndogo niliyosema haifiki dawati la nyuma. Kwenye redio sauti ndogo ndiyo inayotakiwa. Ilikuwa kama mtu amekaa ubavuni pako anakunong'oneza wewe peke yako. Aliukata ugali vipande viwili, vinne, vinane, akavilinganisha, na mimi mwenyewe nikiwa na mwiko mkononi niliviona. Niliviona kabisa.

Hamisi akaja mlangoni, miwani juu ya paji la uso. "Mama Mwanaidi," akasema, "nimeishi na mwalimu wa hesabu miaka yote hii, leo ndiyo nimeelewa kwa nini nusu ya robo ni kitu kidogo kuliko robo."

"Hongera," nikamwambia.

"Huyu binti anafundisha!"

"Nimesikia."

Ugali uliungua siku hiyo, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Baada ya wiki chache mji mzima ulikuwa wake. Wauza mkaa walimwiga: "Leteni chapati moja!" Watoto niliokutana nao njiani waliniamkia, "Shikamoo mwalimu," na nilipoitikia marahaba walisema, "Tumemsikia Mwalimu Kabula jana." Wote, kana kwamba wameagizwa. Nami nikaanza kutafuta watoto ambao hawakumsikia. Nawaambia kama ilivyokuwa: sikutoka nyumbani kwa huruma. Nilitoka kwenda kutafuta mahali ambapo sauti ya Kabula haifiki.

Na pakapatikana. Nyumba ambazo betri zimeisha. Nyumba ambazo redio ni ya baba, naye huondoka nayo. Nyumba ambazo watoto sita wana kaptula mbili za kutokea. Nilichukua kalenda za zamani za ukutani, nikaandika maswali nyuma yake kwa kalamu nene, nikazitundika kwa vibanio kwenye kamba nje ya kibanda cha Hamisi. Watoto wakawa wanakuja mmoja mmoja kunakili. Kwa walio mbali nilikwenda mwenyewe na baiskeli ya Hamisi, kalenda nimezikunja mgongoni. Nikiwakuta hawana redio nilifurahi, kisha nilijisonya kwa kufurahi, kisha nilifundisha. Kazi hiyo ilikuwa nzuri. Mbegu yake sitaipamba.

Aliyenikosesha usingizi ni Nyanzala. Alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la saba, akikaa kwa shangazi yake Ipuli. Mtoto wa maneno machache, kichwa chake kwenye hesabu kikikimbia mbele yangu. Kile kitu cha usoni alichonieleza Mzee Ndalahwa, kwa Nyanzala kilipita kabla sijamaliza kuandika swali. Nilipofika Ipuli, nyumba ilikuwa na wapangaji wengine. Shangazi alikuwa amehama, na mtoto amerudishwa kwa baba yake, kijiji kimoja cha Uyui, ukiiacha barabara ya Nzega na kuingia msituni. Nilikodi bodaboda nikaenda.

Nilimkuta chini ya kivuli cha bani, kile kibanda cha udongo cha kukaushia tumbaku, amekaa na mama yake wa kambo wanachambua majani. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Alinyanyuka, akapiga magoti kidogo, akaniamkia, na uso ukafunguka. Nikasema moyoni, huyu ni wangu, na huku porini hakuna wa kunipora.

"Nimekuletea maswali," nikasema, nikafungua kalenda.

Akayatazama. "Haya ya sehemu tulishafanya, mwalimu."

"Mlifanya na nani?"

Akaelekeza kidevu juu. Kwenye nguzo ya bani ilining'inia redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. "Na Mwalimu Kabula. Tunatumia majani."

Naye akanionyesha. Alikuwa amepanga majani ya tumbaku kwa robo na thumni, safi, hata mimi nisingepanga vile. Nikasema vizuri sana.

Baba yake, Masanja, alitoka shambani akanikaribisha kiti. Mtu mrefu, mtaratibu, mwenye adabu. Nikamweleza kwamba shule zitafunguliwa, haijulikani lini, na Nyanzala asikose mtihani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, tumbaku ikisha kuuzwa, huyu anakwenda Mpanda kwa kaka yake. Mke wa kaka yake amejifungua, hana msaidizi. Shule imefungwa. Mtoto hawezi kukaa kungoja mlango ambao hata ninyi wenye funguo hamjui utafunguliwa lini."

Nikabisha. Nilisema akili ya mtoto, nilisema kesho yake, nilisema sheria. Kila nilichosema nilikisema kwa sauti ya darasani, na kila nilipopandisha sauti yeye alishusha macho. Mwishowe akasema, "Walimu wa mjini mmekuja hapa wengi kwa miaka mingi, na kila mmoja ananifundisha mimi. Huyu wa redioni yeye anaongea nami. Jana kasema mzazi ukimpa mtoto muda wa kumaliza swali, umempa shamba. Nimelifikiri neno hilo usiku kucha. Akija yeye hapa, tukatazamana, nitamsikiliza."

Nyanzala alikuwa amerudi kwenye majani. Hakunyanyua kichwa, lakini mikono ilikuwa imesimama.

Kijana wa bodaboda alinirudisha mjini. Sikwenda nyumbani. Nilijua nikifika nyumbani nitapata sababu. Nikamwambia anishushe Ipuli, kwenye nyumba aliyopanga chumba Mwalimu Kabula.

Alikuwa uani anafua. Aliponiona akajifuta mikono haraka. "Shikamoo, mwalimu. Karibu, kuna nini?"

"Marahaba. Nyanzala anapelekwa Mpanda. Baba yake hanitaki mimi, anakutaka wewe."

Nilisema hivyo hivyo, nimesimama, sijakaa. Akauliza mtoto anaendeleaje, anasoma, amekonda? Nikamweleza habari ya majani. Akaketi juu ya ndoo yake, akafunika mdomo kwa kiganja. Machozi yakamlenga.

"Kwa hiyo wapo wanaonisikia," akasema.

"Kabula, mji mzima unakusikia."

"Mimi sioni mtu, mwalimu. Naongea na kioo. Wewe umewaona kwa macho. Nikisikia umepita Cheyo, umepita Ipuli, na kalenda zako, nakuonea wivu mpaka naona haya."

Nilidhani ananifariji. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini nimelichukua neno lile hadi leo, na siku nyingine huwa naliamini.

Tulikwenda kesho yake, kila mmoja na bodaboda yake. Kabula alipiga magoti, akamwamkia mzee: "Mwangaluka, baba," kisha Kinyamwezi kikafuata, kirefu, na mimi niliyezaliwa Tabora nikabaki kushika maneno mawili matatu kama mgeni. Masanja akamtazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Hapana," akaniambia mimi kwa Kiswahili. "Huyu ni mtoto. Yule wa redioni ni mtu mzima."

Kabula akainama. Nikaona anapotea mbele yangu, macho chini, kama siku ile ya kwanza ofisini. Ningeweza kunyamaza. Nikamgusa bega nikamwambia, "Geukia kule, ongea kama hatupo."

Akageukia bani, akatupa kisogo. "Mama uliye jikoni," akasema, "baba uliyeshika jembe, na wewe mtoto uliyekaa kizingitini, sogeeni."

Mama wa kambo alipiga kigelegele. Majirani wakatoka. Masanja alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akaita viti. Walizungumza mpaka jua likapinda, na sehemu kubwa hawakuzungumza habari za shule. Walizungumza mvua, na Nzega, na marehemu baba yake Kabula ambaye kumbe waliwahi kujuana mnadani. Mwisho Masanja akasema mtoto atarudi mjini siku shule itakapofunguliwa, ila shangazi hayupo, atakaa wapi?

"Kwangu," nikasema. Nilikuwa nimelipanga jambo hilo tangu njiani. Chumba cha binti yangu Mwanaidi kilikuwa kitupu tangu aolewe.

"Au kwangu," akasema Kabula taratibu, "ingawa ni chumba kimoja."

Masanja akamgeukia binti yake. "Wewe unasemaje?"

Nyanzala alichora chini kwa kidole cha mguu. Alinitazama mimi kwanza, kwa huruma ambayo mtoto hapaswi kuwa nayo. "Kwa Mwalimu Kabula," akasema.

Nilisema ni vizuri. Nilisema chumba kimoja kinatosha wawili. Nilikwenda nyuma ya bani nikajifanya natafuta mtandao wa simu.

Shule zilifunguliwa. Mliokuwepo mnakumbuka ndoo za koki milangoni, sabuni zinazoisha kabla ya saa nne, na barakoa walizoshona kina Hamisi kwa mabaki ya sare. Katika darasa langu la saba, madawati mengine yalibaki wazi. Nilikwenda kuyafuatilia, mengine yalijaa, mengine hayakujaa mpaka leo. Mtoto yule wa shule ya kulipia alikuwa hajapoteza hata mada moja. Sisi tulibana mada za miezi yote katika asubuhi za mapema na Jumamosi. Nyanzala alikaa mbele. Hesabu nilimfundisha mimi, na hilo ubao unashuhudia. Lakini kila jioni niliwaona wanatoka pamoja getini, yeye na Kabula, wameshikana mikono, wakicheka jambo ambalo sikulisikia.

Alifaulu, akachaguliwa sekondari ya bweni. Amemaliza kidato cha nne, na sasa yuko cha tano, anachukua hesabu.

Siku mliyoniaga, mwalimu mkuu aliwaalika wazazi wa zamani. Mtakumbuka mzee mrefu aliyeingia katikati ya hotuba amebeba dumu la asali. Mlimpigia makofi. Nami nilinyanyuka, nikanyoosha mikono yote miwili, kwa kuwa sherehe ilikuwa yangu. Alinipa mkono, akaushika kwa muda. "Wabeja sana, mwalimu," akanishukuru. "Wewe ndiye uliyetuletea huyu." Akanipita, akaenda kuliweka dumu miguuni pa Kabula.

Alasiri hiyo Kabula alikuja nyumbani na nusu ya asali katika chupa za maji. Nikamwambia si lazima. Akaziweka mezani, akanikumbatia, akaenda. Hamisi akarudi kutoka msikitini, akafungua chupa moja, akachovya kidole, akafumba macho.

"Hii ni ya miombo hasa," akasema. "Nani kaleta?"

"Masanja. Baba yake Nyanzala."

"Yule wa Uyui? Kumbe anakukumbuka! Kakuletea wewe mwenyewe?"

Nikachukua kijiko, nikaonja. Ilikuwa tamu, na mwishoni ina ukali kidogo.

"Ndiyo," nikasema. "Kaniletea mimi."